Nani alikula mifuko yetu ya simenti?

Katika makanisa mengi ya mashariki mwa nchi yetu kuna jengo moja linalofanana. Kuta zimefika usawa wa madirisha na kusimama hapo. Vyuma vya nguzo vimechomoza juu na vimeshika kutu. Ndani nyasi zimeota, na waamini wanaendelea kukusanyika pembeni, chini ya hema au katika jengo la zamani la mbao. Ukiuliza kwa nini kazi ilisimama, utajibiwa kwa neno moja: simenti.

Sisi pia tunalo jengo la namna hiyo. Jumapili moja watu walisimama na kuahidi mifuko. Huyu mitano, yule miwili, wanakwaya kumi kwa pamoja, mama mmoja mjane akaahidi nusu mfuko. Karani aliandika yote katika daftari kwa bei ya siku ile. Ahadi zilitimizwa polepole, kwa miezi mingi. Fedha zilipokamilika, bei ilikuwa imepanda, na zile zilizopaswa kununua mifuko yote ya daftari zilinunua sehemu yake tu. Hapo maneno yakaanza: "Kamati imekula." Wazee wawili waaminifu walijiuzulu kwa uchungu. Hesabu ilipopitiwa mbele ya watu, ilionekana kwamba hakuna aliyekula hata franga moja.

Basi nani alikula mifuko yetu? Tumeona vema kulifuata swali hili hadi mwisho, kwa sababu lile lililovunja amani katika kanisa moja linasumbua makanisa mengi. Na jibu lake linatufundisha jambo kubwa kuhusu uchumi wa mashariki kuliko bei ya mfuko peke yake.

Jiwe, moto na njia

Simenti, au saruji kama wanavyoiita jirani zetu wa Tanzania na Kenya, ni jiwe lililopikwa. Watu huchimba mawe ya chokaa, huyaponda, huyachanganya na udongo wa mfinyanzi, kisha mchanganyiko huo hupita katika tanuru kubwa linalozunguka, lenye joto la nyuzi karibu 1,450. Kinachotoka ni vidonge vigumu vyenye rangi ya kijivu vinavyoitwa klinka. Vidonge hivyo vikipoa husagwa pamoja na jasi kidogo, ile inayofanya simenti isigande mara moja fundi anapotia maji. Unga huo ndio unaojazwa katika mfuko wa kilo 50.

Hesabu ya tanuru ni nzito. Tani moja ya klinka hula karibu tani moja na nusu ya mawe ya chokaa. Hula pia zaidi ya kilo 100 za makaa ya mawe, au nishati nyingine ya kiasi hicho. Kuponda na kusaga kunahitaji umeme, karibu kilowati-saa 100 kwa kila tani ya simenti. Ndiyo maana kuwa na mlima wa chokaa si kuwa na simenti. Mlima ni sehemu ya kwanza tu. Ya pili ni moto wa bei nafuu usiozimika, na ya tatu ni njia ya kuufikisha mzigo mzito kwa mnunuzi kabla gharama ya safari haijapita thamani ya mzigo wenyewe.

Tukishika mambo hayo matatu, jiwe, moto na njia, tutaelewa karibu kila kitu kinachoipata simenti, kwetu na duniani.

Magharibi wana simenti nyingi, lakini iko mbali

Wengi hushangaa wakisikia kwamba Kongo hutengeneza simenti. Katika jimbo la Kongo-Central kazi hiyo ni ya tangu zamani. Kiwanda cha Lukala kilianza katika miaka ya 1920. Kimpese ilipata kiwanda cha taifa katika miaka ya 1970. Kisha, karibu na mwaka 2017, viwanda viwili vipya na vikubwa vilianza kazi karibu kwa wakati mmoja. Kimoja ni cha PPC Barnet huko Kimpese, kilichoanzishwa kwa mtaji wa Afrika Kusini. Kingine ni cha Songololo, ushirika wa kampuni ya Pakistani, Lucky Cement, na kundi la Rawji la hapa nchini. Hiki cha pili kilipewa jina la Kiswahili, Nyumba ya Akiba, ingawa kiko mbali sana na watu wanaoongea Kiswahili.

Matokeo yake ni kwamba magharibi mwa nchi viwanda vina uwezo wa kutoa simenti nyingi kuliko wanunuzi waliopo. Ili kuvilinda, serikali ilikataza kuingiza simenti ya kijivu ya nje katika sehemu hiyo ya nchi. Kwa hiyo tuko katika hali ya ajabu: upande mmoja wa nchi unalalamika kwamba hauna wa kumuuzia, upande wa pili unalalamika kwamba hauna pa kununulia.

Mbona basi wasituletee? Jibu ni njia. Mfuko wa Kimpese ukitaka kufika Goma, upande kwanza lori au treni hadi Kinshasa. Kutoka hapo upande mashua kwa kilomita karibu 1,700 za mto hadi Kisangani, kisha upande lori tena, katika barabara ambazo kila msomaji wetu anazijua bila sisi kuzieleza. Kabla haujafika Beni, safari imekwisha kula bei ya mfuko mara kadhaa. Kwa mfuko wa simenti, Kimpese iko mbali nasi kuliko bandari ya Mombasa.

Matanuru yetu ya mashariki

Si kweli kwamba mashariki hatukuwahi kupika jiwe letu. Wazee wa Kivu ya Kusini wanaikumbuka CIMENKI, kiwanda cha Katana, kaskazini mwa Bukavu. Chokaa ilichimbwa pale, simenti ikatoka, majengo mengi ya Bukavu yakajengwa nayo. Kiwanda hicho kimenyamaza kwa miaka mingi. Katanga kulikuwa na kazi ya simenti Lubudi, na Kakontwe karibu na Likasi, ikilisha migodi na miji ya shaba. Na kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kalemie, kuna Kabimba, kiwanda cha tangu enzi ya ukoloni.

Kabimba inastahili kutazamwa kwa makini leo, maana huko Tanganyika ndiko tumaini la karibu lilipo. Katika miaka hii ya 2020 mtaji wa kampuni ya China, West China Cement, umeingia katika simenti ya jimbo hilo. Mahali penyewe pamechaguliwa vizuri. Mawe yapo. Bonde la Lukuga, karibu na Kalemie, lina makaa ya mawe yaliyojulikana tangu zamani. Na ziwa ni barabara isiyohitaji kutengenezwa: mzigo unaweza kwenda Uvira, Moba, hata Bujumbura na Kigoma kwa meli. Jiwe, moto na njia vikikutana mahali pamoja, kiwanda kinaweza kuishi. Kikikosekana kimoja, kiwanda hufa hata kama mlima umejaa chokaa.

Upande wa Kivu ya Kaskazini tatizo kubwa ni moto. Tufanye hesabu ndogo. Kiwanda cha tani milioni 1 kwa mwaka kingehitaji karibu megawati 11 za umeme, mchana na usiku, mwaka mzima. Kituo cha Matebe katika Rutshuru, kilichofunguliwa mwaka 2015 na ambacho Goma inakitegemea kwa sehemu kubwa ya umeme wake, kina uwezo wa karibu megawati 13. Kiwanda kimoja tu kingekimeza karibu chote. Anayetuahidi kiwanda cha simenti katika kampeni ya uchaguzi aulizwe kwanza umeme wake utatoka wapi.

Tunakula kutoka jikoni la jirani

Kwa kuwa matanuru yetu yamezimika au yako mbali, tunategemea ya jirani. Lubumbashi na miji ya migodi hupata simenti kutoka Zambia, ambako kampuni ya Dangote ilifungua kiwanda karibu na Ndola mwaka 2015, pamoja na viwanda vilivyokuwako kabla yake. Beni na Butembo hutazama Uganda. Kiwanda cha Hima, katika eneo la Kasese, kiko safari fupi tu kutoka mpaka wa Mpondwe na Kasindi. Uvira inatazama Burundi, ambako kiwanda cha BUCECO kiko Cibitoke. Bukavu na Goma zinatazama Rwanda: CIMERWA ya Bugarama, iliyoanza katika miaka ya 1980, iko ng'ambo tu ya Kamanyola, na tangu 2020 kuna kiwanda kingine Musanze, chini ya milima ile ile ya volkano tunayoiona sisi.

Hapo kuna jambo la kutufikirisha. Viwanda vya jirani huchanganya klinka na puzolana, yaani majivu na changarawe za volkano zilizosagwa. Puzolana haihitaji kupikwa, kwa maana volkano ilikwisha kuipika. Ikichanganywa kwa kipimo sahihi, hupunguza klinka inayotakiwa, hupunguza makaa ya mawe na hupunguza bei. Hima huchota puzolana katika eneo la Kabarole, karibu na Fort Portal. Na sisi wa Goma tumejenga mji juu ya mawe ya Nyiragongo. Tumeyaona yakiteremka Januari 2002, na tena Mei 2021, yakala nyumba zetu na makanisa yetu. Watoto wetu huyasukuma kwenye chukudu. Malighafi ambayo ng'ambo inaingia katika mfuko, kwetu ni vumbi la barabarani.

Hatusemi hivyo ili kumwonea jirani wivu. Jirani alifanya kazi yake. Tunasema ili tuache kusema kwamba Mungu alitunyima.

Naye jirani ana tegemeo lake. Viwanda kadhaa vya Afrika Mashariki havina tanuru kabisa. Vinanunua klinka na kuisaga tu. Rwanda na Uganda huchoma makaa ya mawe yanayotoka kusini mwa Tanzania. Mwaka 2023 Kenya iliweka tozo ya asilimia 17.5 juu ya klinka inayotoka nje, ili kuwalinda wenye matanuru wa Kenya. Wasagaji wakalia kwamba gharama yao imepanda, wenye matanuru wakashangilia. Umiliki nao unabadilika: mwaka 2024 sehemu kubwa ya CIMERWA ilihamia kwa wawekezaji wa Kenya, na Hima ikaondoka mikononi mwa kundi la Holcim la Uswisi. Kila uamuzi wa namna hiyo, uwe wa Nairobi au wa Kampala, una njia ya kufika hadi kwenye duka la simenti la Butembo. Mama wa nusu mfuko hakuwahi kuusikia, lakini ameulipa.

Kwa nini kilo ya simenti inasikia kila shimo

Dunia nzima hutengeneza simenti karibu tani bilioni 4 kwa mwaka. Karibu nusu yake hutoka China peke yake. Hata hivyo ni sehemu ndogo sana inayovuka mipaka ya nchi. Vietnam na Uturuki ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nje, na mzigo wao husafiri kwa meli. Baharini tani moja husafiri mbali kwa fedha kidogo. Barabarani fedha ile ile huisha mapema. Ndiyo maana simenti hupendelea kuliwa karibu na mahali ilipopikwa.

Sasa tulinganishe na vitu vinavyotoka katika ardhi yetu. Dhahabu ya kilo moja huingia katika mfuko wa koti. Inavuka mlima, inavuka ziwa, inavuka vizuizi vitano, na bado inamwachia mwenyewe faida kubwa. Koltani nayo ina thamani ya kutosha kuvumilia barabara mbaya. Lakini kilo moja ya simenti ni senti chache tu. Inasikia kila shimo, kila lita ya mafuta, kila kamba iliyofungwa barabarani.

Hapo ndipo tunapolipata jibu la swali letu. Uchumi wa mashariki umekuwa mlango wenye upande mmoja: vilivyo vyepesi na vya thamani vinatoka kwa urahisi, vilivyo vizito na vya lazima vinaingia kwa shida. Barabara mbaya haimzuii mfanyabiashara wa dhahabu. Inamzuia mwenye kujenga shule. Kwa hiyo wenye nguvu wanaweza kuishi miaka mingi bila kusumbuliwa na barabara hiyo, lakini sisi wengine tunaisikia kila tunapoomba bei ya mfuko.

Tuchukue mfano ili jambo lieleweke. Lori la tani 30 hubeba mifuko 600. Kama njiani linatozwa jumla ya dola 600, huku kwa risiti na kule bila risiti, kila mfuko umeongezeka dola 1. Kanisa linalohitaji mifuko 400 limelipa dola 400 ambazo hazikuingia ukutani. Ongeza saa za kungoja mpakani, ongeza kupakua na kupakia upya daraja linapokatika, ongeza faida ya wachuuzi watatu wanaopokezana mzigo. Hakuna hata mmoja aliyeiba mfuko mzima. Kila mmoja alichota kijiko, na mwisho gunia likawa jepesi.

Vita imeongeza vijiko hivyo. Bunagana ilishikwa na M23 Juni 2022, Goma Januari 2025, Bukavu Februari 2025. Benki zilifunga milango. Barabara zilizokuwa zikilisha masoko zilikatwa na mistari ya mapigano. Mfanyabiashara anayepita upande huu na upande ule hulipa pande zote mbili, na hailipi yeye: analipa mnunuzi wa mwisho. Na mnunuzi wa mwisho mara nyingi ni familia inayojaribu kusimamisha tena nyumba iliyobomolewa na bomu.

Je, tufunge mpaka?

Wako wanaosema: tufanye kama magharibi, tukataze simenti ya nje, nasi tutajenga viwanda vyetu. Wazo hili linapendeza masikioni, hasa katika wakati huu ambapo uhusiano na jirani umejaa uchungu. Lakini tulipime. Magharibi katazo lilifuata matanuru. Viwanda vilikuwa vimekwisha kusimama. Ukiweka katazo mahali pasipo tanuru, simenti haitaisha, itapita usiku kwa njia za panya. Itakuwa ghali zaidi, bila risiti na bila kipimo, na fedha za duane zitaingia mifukoni mwa watu. Hata pale penye kiwanda kimoja, katazo lisilo na mwisho linamfanya mwenye kiwanda kuwa mfalme wa bei.

Wengine wanasema: tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi soko litatengeneza kila kitu. Ni kweli nchi yetu ilitia sahihi mkataba Aprili 8, 2022, na ikawa mwanachama kamili Julai 11 mwaka huo huo. Lakini kuandikwa katika jumuiya ni jambo moja, na lori kupita Kasindi au Ruzizi bila kuzungushwa ni jambo lingine. Na soko peke yake halijengi barabara.

Sisi tunaona njia ya katikati. Ulinzi utolewe kwa kiwanda kilichokwisha kuwasha moto wake na kuonyesha kwamba kinaweza kulisha eneo lake, uwe na muda unaojulikana, na bei itazamwe hadharani. Kwa maeneo ambayo hayana tanuru, mpaka uwe wazi, kodi iwe moja, iandikwe ukutani, ilipwe mara moja. Na fedha za kwanza ziende barabarani. Kilomita moja ya barabara nzuri hushusha bei ya simenti, ya mabati, ya dawa na ya unga pia.

Tusisahau kwamba kiwanda nacho kina gharama yake kwa jirani zake. Jiwe la chokaa likichomwa hutoa hewa ya kaboni nyingi kutoka ndani ya jiwe lenyewe, mbali na moshi wa makaa. Kazi ya simenti hutoa karibu asilimia 7 au 8 ya hewa hiyo duniani. Kuna vumbi, kuna mashamba yanayochukuliwa, kuna chemchemi zinazokauka kilima kikichimbwa. Kama siku moja tanuru la Katana litawashwa tena, au puzolana ya Nyiragongo itachimbwa kwa mashine, wachungaji na wazee wa mahali pale waulize mapema: mashamba yatalipwa vipi, nani atapata kazi, vumbi litazuiwaje, na mkataba umeandikwa katika lugha ambayo mwenye shamba anaisoma?

Kabla ya kununua mfuko unaofuata

Wakati tunangoja barabara na matanuru, makanisa yetu yanaendelea kujenga. Tunayo machache ya kushauri, na mengine tumejifunza kwa kuumia.

Kwanza, tuhesabu kabla ya kuanza, kama Yesu alivyosema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, lakini tuhesabu kwa hatua. Fedha zikikaa sana, bei inazikimbia. Mifuko ikikaa sana, unyevu unaila: simenti iliyowekwa miezi mitatu mahali pabaya imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Baada ya aibu ya bei, sisi tuliangukia aibu ya pili. Tulinunua mingi kwa haraka kwa mfanyabiashara mmoja, tukaipanga juu ya sakafu ya udongo, tukakuta mingine imekuwa mawe. Kwa hiyo changisheni kwa ajili ya msingi, nunueni ya msingi, jengeni msingi. Kisha nguzo. Kisha linta. Andikeni ahadi kwa mifuko, si kwa dola, na semeni wazi tangu siku ya kwanza kwamba bei inaweza kubadilika.

Pili, someni mfuko. Namba 32.5 au 42.5 ni nguvu ya simenti. Ile ya 32.5 inafaa kujengea ukuta na kupiga plasta. Kwa nguzo, linta na dari ya beto ni heri 42.5. Tazameni tarehe ikiwa imeandikwa, pimeni uzito wa mifuko michache, na wekeni mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta.

Tatu, msibane mahali pa kufa. Mafundi wetu wanajua kipimo cha kilo 350, yaani mifuko 7 kwa mita moja ya ujazo ya beto ya nguzo. Kuna kamati zinazomshurutisha fundi atumie 4 ili "tuokoe fedha za Bwana". Tukumbuke Jumapili ya Februari 3, 2008. Tetemeko lilipiga Bukavu na Rusizi, majengo yakaanguka, na ng'ambo ya mto watu walikufa wakiwa kanisani. Ardhi yetu hutikisika. Kama simenti ni chache, punguzeni ukubwa wa jengo. Msipunguze nguvu ya nguzo. Na beto imwagiliwe maji angalau siku saba. Maji hayo mara nyingi huokoa zaidi ya mfuko wa nyongeza.

Nne, si kila ukuta unadai simenti nyingi. Mawe ya lava yaliyopangwa vizuri, matofali ya udongo yaliyokandamizwa, msingi wa mawe uliochimbwa vizuri, hivi vyote vinatuachia simenti ya kupeleka mahali pasipoweza kuikosa.

Tano, tununue pamoja. Parokia tano zenye mahitaji ya mifuko 120 kila moja zinajaza lori zima. Zinaweza kuzungumza na muuzaji wa jumla, zikaruka wachuuzi wa katikati, na kuidai risiti moja ya duane. Risiti hiyo ibandikwe mlangoni pa kila kanisa. Tukifanya hivyo tunajisafisha sisi kwanza, kisha tunapata haki ya kuuliza: hizi tozo nyingine zisizo na risiti zilitozwa na nani, kwa sheria gani?

Mwisho, neno juu ya wale wazee wawili. Walirudishiwa heshima yao mbele ya kanisa, na daftari likasomwa mstari kwa mstari. Mmoja wao alisema jambo ambalo hatujalisahau: kwamba ni rahisi kumshuku ndugu unayemwona kuliko kuuliza juu ya kizuizi usichokiona. Tumekuwa tukigombana wenyewe kwa wenyewe juu ya mifuko iliyoliwa barabarani, mpakani, na katika matanuru yaliyozimika miaka mingi iliyopita.

Jengo letu bado halina mabati. Mwezi ujao tunamwaga linta: mifuko 35, iliyohesabiwa, iliyolipwa, yenye risiti. Mama wa nusu mfuko ameomba awepo siku hiyo ili achote maji.